Matone 67 kwa Dakika

Mfuko wa metronidazoli hauna cha kuvutia macho: mililita 100 za maji maangavu, na ndani yake miligramu 500 za dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ile ya vidonge vya amiba. Ukitundikwa juu ya kitanda cha mtu aliyepasukiwa na kidole tumbo, dawa ni ileile, ila sasa inataka mikono iliyofunzwa. Mikono hiyo ni ya wauguzi, na mimi nawastahi kwa namna wanavyoitumia.

Milima ya Pare huwachelewesha wagonjwa. Anayeugua Chome au Vudee hushuka kona kwa kona hadi Same mjini. Wa Gonja, upande wa mashariki, wana hospitali yao ya Kilutheri. Usaha wa tumboni, au kizazi kilichopata maambukizi baada ya kujifungua, haungoji barabara. Mara nyingi harufu hutangulia kusema. Bandeji ikifunguliwa na uvundo ule mzito ukatoka, muuguzi mzoefu anashuku mara moja kwamba humo mna bakteria wanaostawi pasipo oksijeni.

Metronidazoli inawafuata hao. Inaingia mwilini ikiwa haijawa sumu kwao bado. Ni ndani ya bakteria asiyetumia oksijeni ndipo inapopokea elektroni, ikageuka na kuharibu DNA yake. Penye oksijeni mageuzi hayo hayashiki, ndiyo maana seli zetu kwa kawaida husalimika. Sifa hii iligunduliwa kwa bahati: dawa ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugonjwa wa trikomonasi, na mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, D. L. S. Shinn, akaripoti kwamba mgonjwa aliyeitumia kwa ugonjwa huo alipona na vidonda vya fizi pia.

Tuje kwenye mikono. Mfuko unakaa ndani ya ganda lake mpaka saa ya kutumika, kwa kuwa mwanga unaiharibu dawa. Muuguzi anasoma jina, kipimo na tarehe ya kuisha, anauminya kuona kama unavuja, kisha anauinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta chembe. Anajaza mrija hadi pumzi ya mwisho ya hewa itoke. Ndipo anapofanya hesabu. Kama seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita na dawa iishe kwa dakika 30, ni matone 67 kwa dakika, takribani 17 kwa kila sekunde 15. Anainua saa usawa wa chemba ya matone, anahesabu, anasogeza kibanio kwa ncha ya dole gumba, anahesabu tena. Akipewa dakika 60, ni 33. Baadaye anarudi, maana mgonjwa akikunja mkono tu mwendo wa dripu umebadilika. Kurudi huko kwa mara ya pili ndiko kunakonionyesha fundi.

“Shikamoo, bibi. Mkono ukiuma hapa, usininyamazie.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mdomo unaweza kuwa na ladha ya chuma, na mkojo ukawa wa kahawia. Hayo yasikutishe. Ila miguu ikifa ganzi, niite.”

Anauliza pia kuhusu ini, kifafa, dawa za kuzuia damu kuganda, maana warfarini hupata nguvu zaidi ikikutana na metronidazoli. Na anauliza kuhusu dengelua bila kumwaibisha mtu, kwa sababu pombe haitakiwi wakati wa dawa hii, wala siku chache baada yake.

Haongezi chochote ndani ya mfuko ule. Antibiotiki nyingine, kama seftriaksoni au jentamisini, ina zamu yake, nayo ni ya lazima mara nyingi, kwa kuwa usaha wa tumbo huchanganya bakteria wa aina nyingi na metronidazoli haiwawezi wanaotumia oksijeni. Wala peke yake mara nyingi haitoshi kuumaliza usaha uliojifungia kwenye jipu. Huo hutolewa na daktari wa upasuaji. Muuguzi anayejua mipaka hiyo hatulizwi na mfuko ulioisha vizuri wakati homa inapanda. Anapiga simu. Ikibidi, mgonjwa anapelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, na karatasi yenye saa ya kila dozi.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi wanavyoiacha dripu mapema. Kidonge cha metronidazoli hunyonywa tumboni karibu chote, kwa hiyo anayemeza na kusaga chakula hana sababu ya kubaki na kanula, ambayo kila siku ni mlango wa wadudu na maumivu. Muuguzi ndiye aliyeona uji ukibaki tumboni. Asubuhi madaktari wakipita wodini, anasema: “Daktari, bibi amekula jana mara mbili, homa imeshuka. Tumpe vidonge?” Daktari akikubali, kanula inatoka, pamba inabanwa, na saa ya kidonge cha kwanza inaandikwa kwenye chati: baada ya saa nane tangu dozi ya mwisho.