Kisiwa Kisicho na Senene

Aprili 2020, Waafrika wengi wa Guangzhou tulipofungiwa ndani kwa karantini, vijana wetu walituonyesha mchezo wa Animal Crossing: New Horizons, uliotoka Machi ile. Unapewa kisiwa, unatengeneza wavu, unakamata wadudu kwa msimu. Ni kazi ya ustadi, hatukatai. Lakini mwanzoni unaulizwa: kaskazini au kusini mwa dunia? Sisi wa Bukoba, jirani na ikweta, tujibu nini? Kwetu msimu ni mvua. Novemba senene hushuka, watu wakakesha penye taa. Tena mchezoni mdudu huuzwa au hupelekwa makumbusho. Haliwi! Tulichagua kusini. Julai kisiwa kikajaa theluji, na nje ya dirisha nyenze wa Guangzhou wanalia.