Arnold Dolmetsch, Fundi wa Viola za Kale

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kipya cha muziki sikuzote hukishinda cha zamani, kama gari linavyoushinda mkokoteni. Wakiiona viola da gamba husema: huyu ni babu yake sello, amezeeka, na apumzike. Kumbe si babu yake. Ni mtu wa ukoo mwingine. Kosa hilo lilileta hasara. Viola nyingi za Ulaya ziligeuzwa kuwa sello: zikabadilishwa shingo, nyuzi zake sita zikapunguzwa kuwa nne. Nyimbo zake zikabaki karatasi tu katika maktaba.

Arnold Dolmetsch hakukubali. Alizaliwa mwaka 1858 huko Le Mans, Ufaransa, katika jamaa ya mafundi wa vinanda, akazoea randa na patasi kwanza, ndipo akaenda Bruxelles kujifunza violini kwa Vieuxtemps. Baadaye akakaa London. Huko, karibu na mwaka 1890, alikuta katika maktaba nyimbo nyingi zilizotungwa kwa ajili ya viola. Mwingine angalizinakili na kuzipiga kwa violini, basi, mambo yamekwisha. Yeye alitafuta viola zenyewe, akazitengeneza, akawafundisha watu wa nyumbani mwake kuzipiga. Mwaka 1893 akaunda luti kwa mikono yake. Mwaka 1896 akamaliza kinanda cha kale cha nyuzi, namna ya klavesini, akisukumwa na rafiki yake William Morris.

Je, taabu yote hiyo ilikuwa na faida gani? Tuitazame viola yenyewe. Nyuzi zake ni za utumbo, na shingoni zimefungwa kamba za utumbo zinazoonyesha mahali pa vidole. Mpigaji huishika kati ya magoti, na kiganja chenye uta huelekea juu. Sauti yake si kubwa. Katika jumba la watu elfu haifai. Lakini viola nne au tano zikipigwa pamoja chumbani, kila moja husikika, kama wazee wanaozungumza bila kukatizana. William Byrd alitunga kwa ajili ya masikio ya namna hiyo. Violini zikishika mahali pake, mara nyingi ile ya juu huzifunika nyingine, na kazi ya mtunzi hupotea. Hapo twaona kwamba Dolmetsch alisema kweli: chombo si nguo ya wimbo, bali ni sehemu ya mwili wake.

Kitabu chake cha mwaka 1915, juu ya namna ya kupiga muziki wa miaka ya 1600 na 1700, chaendelea mbele zaidi. Aliwauliza waalimu wa siku zile wenyewe, kama Couperin na Quantz, akaonyesha kwamba mara nyingi kilichoandikwa sicho kilichopigwa: noti zilizoandikwa sawasawa zilipigwa moja ndefu, moja fupi, na mapambo mengi hayakuandikwa kabisa. Wapigaji waliojivunia kufuata karatasi neno kwa neno walikuwa mbali na mtunzi kuliko walivyodhani. Kwetu sisi, sura ya mapambo ndiyo bora kuliko zote, ingawa ni ndefu mno.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Alitaka kufanya yote: kuunda, kupiga, kufundisha, kuandika. Wengi waliomsikia walilalamika kwamba mazoezi yalikuwa haba na nyuzi hazikulingana vizuri. Tena, mtu huyu aliyewakemea wengine kwa kugeuza vyombo vya wazee, yeye mwenyewe aliongeza mitambo mipya katika vinanda vyake. Na sahani zake za miaka ya 1930, ambamo apiga Bach kwa klavikodi, ni za mzee wa miaka zaidi ya 70, vidole vyateleza. Hata hivyo twazisikiliza kuliko nyingine zilizo safi, maana wimbo unapumua.

Alifariki mwaka 1940 huko Haslemere, mji wa Uingereza alikoanzisha sikukuu ya muziki wa kale mwaka 1925. Miaka 8 baadaye kikaundwa huko Uingereza chama cha wapigaji wa viola da gamba, na binti yake Nathalie alikuwa miongoni mwa walioanzisha. Viola zilizoundwa upya siku hizi ni nyingi, na wapigaji wake wengi wana vidole vyepesi kuliko vyake.