Fundi Huanza kwa Kuipindua

Baiskeli ya mtoto haikai na mtoto mmoja. Hutoka kwa dada ikaenda kwa mdogo wake, kisha kwa jirani, na kila inapohama hupakwa rangi mpya. Ikifika kwa fundi wa Biryogo, hapa Kigali, haina tena jina wala umri. Anaipindua magurudumu juu, anachovya tambara kwenye mafuta ya taa, kisha anasugua kitovu cha gurudumu la nyuma mpaka maandishi yaonekane.

Namsifu kwa sababu anasoma pale ambapo sisi wengine tunaona kutu tu. Likijitokeza jina Sturmey-Archer na herufi AW, anajua kitovu kilitoka Nottingham, Uingereza, na kina gia tatu ndani. Tarakimu mbili zilizogongwa hapo, tuseme 72, ni mwaka wake. Vifaa vya Shimano vya Japani huwa na herufi mbili ndogo: ya kwanza ya mwaka, kuanzia A ya 1976, ya pili ya mwezi. Hata hivyo haharakishi kutamka umri, maana gurudumu huenda lilitolewa kwenye baiskeli nyingine. Anatazama maungio ya fremu: je, mabomba yameingizwa kwenye vikombe vya chuma na kuunganishwa kwa shaba, kama zamani, au yamechomelewa moja kwa moja? Anapapasa mbele, chini ya usukani. Nembo ya baiskeli za Raleigh, ile ya kichwa cha korongo, inaweza kuwa iling'olewa siku nyingi, lakini matundu ya ribiti kidole huyapata hata chini ya rangi. Ushahidi wote ukikubaliana, ndipo anaposema.

Bei ni hesabu nyingine, na hapo ndipo ninapouheshimu ufundi wake zaidi. Uingereza, baiskeli ya watoto ya Raleigh Chopper ya miaka ya 1970 hutafutwa na watu wazima waliokuwa wakiitamani utotoni. Lakini Kigali ni mji wa vilima, na mtoto anataka kupanda. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025 yapite hapa, yakipanda barabara ya mawe ya Kimihurura, sioni atakayemshawishi mtoto kwamba baiskeli ni pambo la sebuleni. Kwa hiyo fundi hufunga uzi nyuma kwenye ekseli, huuzungusha mbele ya fremu na kuurudisha upande wa pili, halafu hupima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana, fremu imepinda. Kisha hupitisha kucha chini ya mabomba, karibu na usukani: mkunjo mdogo hapo unamwambia kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Rimu za chuma za kromu hazimfurahishi, kwani mvua ikinyesha breki za mpira huteleza juu yake.

Halafu tairi. Inchi 20 si kipimo kimoja. Ubavuni mwa tairi iliyoandikwa 20 x 1.75 kuna namba 406, kipenyo cha rimu kwa milimita, na hiyo ndiyo saizi ya BMX, haisumbui kupatikana. Ya Kiingereza iliyoandikwa 20 x 1 3/8 ni 451, na haikai kwenye rimu ya 406, hulegea na kutoka. Basi baiskeli kongwe na nzuri yaweza kupewa bei ndogo kuliko ya juzi. "Mama, fremu ni nzima kabisa," fundi atasema, "lakini tairi ikiisha utazunguka mji mzima." Anamwambia kabla hajalipa.

Ombi langu kwa wanaouza: msiipake rangi kabla fundi hajaiona. Rangi huufunika ule mkunjo, na atakayekuja kuugundua ni mtoto, akiwa tayari katikati ya mteremko.