Ukijani Unaotangulia Mvua

Agosti ikifika, miombo ya Momba na wilaya ya Songwe hupukutisha majani. Mitundu hubaki matawi matupu, nyasi hukauka, moto hupita chini na kuacha majivu. Ukiutazama kutoka angani, msitu huo ulio hai hufanana mno na shamba lililofyekwa juzi. Hapo ndipo fundi wa ramani za setilaiti anapopata heshima yangu.

Vifaa si haba. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure kwa yeyote. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa 2015, huigawa nchi katika madoa ya mita 10 kwa 10 na kurudi juu ya Tunduma kila baada ya siku tano hivi. Hupima hata mwanga tusiouona: jani bichi humeza mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Masika mawingu yakitanda, rada ya Sentinel-1 huokoa jahazi, maana mawimbi yake hupenya.

Lakini picha haisemi yenyewe. Fundi huteua madoa anayoyajua, hapa mahindi, hapa mninga na mtundu, kisha programu hujenga mamia ya miti ya maamuzi kwa njia aliyoieleza Leo Breiman mwaka 2001. Kila mti hupiga kura yake, na jibu lenye kura nyingi hushinda. Ipe programu mifano mibovu, itakupigia kura mbovu kwa kujiamini kabisa.

Fundi mvivu huchukua picha moja ya Agosti na kutangaza kuwa msitu umekwisha. Hodari hupanga picha za mwaka mzima, kwa sababu anajua tabia ya miombo: huchipua Septemba na Oktoba, majani machanga yakiwa mekundu, kabla tone la mvua halijaanguka. Mahindi hayawezi hilo, husubiri mvua. Ujuzi huo haukutoka kwenye kompyuta. Wafugaji nyuki waliujua zamani.

Ziwa Rukwa halimsumbui sana: maji humeza infraredi, na kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi na halina mto wa kutokea, mwaka wa mvua nyingi husomeka ufukweni. Mjini Tunduma kuna ugumu, maana udongo mtupu na majengo mapya huchanganyana. Kahawa ya Mbozi iliyo chini ya miti ya kivuli ni mtihani hasa, na mchoma mkaa anayekata mti mmoja mmoja hulikwepa doa la mita 10. Huko hakuna dawa ila miguu. Wapimaji wa NAFORMA, tathmini ya misitu ya Tanzania nzima, ambao ripoti yao ilitoka 2015, walizunguka misitu ya nchi hii wakipima unene wa mashina.

Ukiletewa ramani ya msitu wa kijiji chako, muulize aliyeichora: picha zako ni za miezi gani, na wewe ulipita wapi kwa miguu?