Sauti ya Mnyonge Ilirekodiwa Wapi?

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa. Katika kikao chetu cha waandishi cha mwezi uliopita nilisimama nikasema, tena kwa sauti ya juu, kwamba Wazungu walimharibu Remmy Ongala. Nilisema albamu aliyorekodi Uingereza mwaka 1989 ni muziki uliooshwa kwa sabuni mpaka ukapauka. Mwenzangu mmoja, simtaji maana atavimba kichwa, aliniuliza swali moja tu: "Hiyo albamu umeisikiliza, au umesikia watu wakisema?"

Nikakaa chini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia nyimbo mbili tu, tena ndani ya daladala ya kutoka Buhongwa kwenda mjini, konda akiita Mkolani na Nyegezi juu ya sauti ya marehemu.

Basi wiki tatu hizi nimefanya kazi ambayo mhakiki anapaswa kuifanya kabla hajafungua mdomo. Asubuhi nimeisikiliza albamu kwa simu, jioni nimekwenda kusikiliza kanda za zamani kwa baba mdogo. Yeye ni fundi redio, kibanda chake kiko nyuma ya soko letu la Buhongwa, na ni mmoja wa watu wachache ninaowajua ambao redio kaseti yao bado inazunguka. Kanda yake ya Super Matimila ni nakala ya nakala. Aliinakili kwa jamaa mmoja wa Igoma, naye jamaa aliinasa hewani kutoka Redio Tanzania. Imekatika mara mbili ikaungwa kwa selotepu. Mahali pa kuungia wimbo unaruka kama mtu aliyejikwaa, halafu unaendelea.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi kama mimi, niseme kidogo huyu Remmy ni nani. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye alibaki, akaingia Matimila, bendi ambayo baadaye ikaitwa Super Matimila. Watu wakamwita Dokta. Muziki wake aliuita ubongo, kwa maana kwamba ni wa kusikilizwa kwa kichwa, ingawa miguu nayo haikusahauliwa. Huko Dar mpaka leo kuna kituo cha basi kinaitwa Sinza kwa Remmy, na yeye mwenyewe alifariki Desemba 13, 2010. Waandishi wangapi wa riwaya wana kituo cha basi?

Sasa tuje kwenye kurekodi. Miaka ile bendi ya Tanzania ikitaka kurekodi, kwa kweli mlango ulikuwa mmoja, nao ni Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kiwanda cha kufyatua sahani za santuri nchini hakikuwepo. Sahani zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983, hata njia hiyo iliziba. Kwa hiyo wimbo ulikaa kwenye utepe wa redio, na mwananchi akauchukua hewani kwa kaseti yake. Mwanamuziki alipata ujira mdogo na jina kubwa.

Namna ya kurekodi ilikuwa hivi: bendi nzima inaingia studio, maikrofoni chache, wanapiga wote kwa pamoja kama vile wako ukumbini, na kila kinachopigwa kinakwenda moja kwa moja kwenye utepe. Hakuna kuongeza kitu kesho. Mpiga tumba akikosea dakika ya tano, wote mnarudi mwanzo, pamoja na mwimbaji ambaye koo limeshakauka. Hebu fikiria hofu ya yule mpiga tumba! Na kabla ya hapo maneno ya wimbo yamepita mbele ya kamati. Kwa hiyo wanaosema RTD ilikuwa uhuru mtupu na wazungu ndio waliokuja na mikasi, tuwaulize kuhusu "Mambo kwa Soksi", wimbo wa Remmy kuhusu kondomu na UKIMWI, ambao redio ilikataa kuupiga.

Albamu ya Uingereza ilizaliwaje? Inasimuliwa kwamba rafiki mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao alibeba kanda ya Matimila, akaifikisha kwa watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 bendi ikaalikwa kuzunguka Ulaya, na mwaka huohuo WOMAD wakatoa sahani ya Nalilia Mwana, mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa huku nyumbani. Mmoja wapo unaitwa "Arusi ya Mwanza", na sisi wa huku hatuchoki kulitaja jina hilo. Mwaka uliofuata ndipo wakaingia studio za Real World, katika kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath. Studio hizo ni za Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki aliyewahi kuimba na Genesis, naye alizijenga kwenye kinu cha zamani cha maji. Lebo ya Real World ilianza kutoa muziki mwaka huohuo wa 1989, na Songs for the Poor Man ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa.

Hapo nilisimama nikajiuliza. Kilichowafikisha Matimila Ulaya ni kanda iliyotoka huku. Maana yake hao Waingereza waliisikia sauti ile ninayoitetea mimi, wakaipenda hivyohivyo ilivyo, ndipo wakasema njooni. Sasa kama waliipenda, kwa nini waiharibu?

Hebu tusikilize. Katika studio za namna ile kila chombo kinaweza kupewa njia yake kwenye utepe, kisha fundi anakaa kupima nani apande, nani ashuke. Matokeo yake nimeyasikia kwenye "Karola". Magitaa yanapokezana, moja linauliza na jingine linajibu, na chini yao kuna besi inayotembea kwa miguu yake yenyewe. Besi! Kwenye kanda ya baba mdogo besi ni kama ng'ombe anayelia nyuma ya mlima. Nilikuwa sijui kabisa kwamba mpiga besi wa Matimila ana mawazo yake. Na katika "Muziki Asili Yake Wapi", sauti ya Remmy ile nzito yenye mikwaruzo iko mbele yako kabisa, utadhani mmekaa meza moja. Huo ndio muziki niliosema umepauka. Nilikosea, na nimeandika hapa ili ibaki kwenye maandishi.

Lakini sijasalimu amri yote. Kuna kitu kwenye kanda za RTD ambacho sikukipata Box. Nilimweleza baba mdogo kwamba ni ule ukaribu, ule uvumi wa chumba, kama moshi wa ukumbini. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Baba," akaniambia, "huo unaouita chumba ni kichwa cha kaseti kichafu."

Akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akasugua kile kichuma ambacho utepe hupita mbele yake. Pamba ikatoka ya kahawia kama ugoro. Akarudisha kanda. Nusu ya moshi wangu ikawa imeondoka. Akanieleza kwamba kila unaponakili kanda unaongeza mvumo na kupoteza sauti za juu, na kwamba mafundi mitambo wa RTD walikuwa watu wa kazi, utepe wao wa kwanza haukuwa na uchafu huu hata kidogo. Kumbe nilikuwa napenda uchafu wa kibanda cha Igoma nikauita uhalisi wa Kiafrika. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu yake, na huenda mngezichapa.

Hata hivyo ile nusu iliyobaki ilibaki. Hata baada ya pamba, ngoma bado inaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji. Waitikiaji wanasikika wakivuta pumzi kwa pamoja kabla ya kuitikia. Mtu mmoja kwa mbali anasema jambo, labda anahimiza solo, na solo linaitika. Hicho si uchafu. Hicho ni watu wanaojua kwamba mmoja akikosea, wote wanarudi mwanzo. Kwenye albamu ya Box wanapiga vizuri kuliko hapo, nathubutu kusema vizuri zaidi sana, lakini hawaogopani vile.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo si la mafundi, ni la jalada. Ndani ya albamu kuna wimbo "Sauti ya Mnyonge". Juu ya jalada jina ni la Kiingereza, likiwa na maana ya nyimbo kwa ajili ya maskini. Sasa jamani, mnyonge na maskini ni mtu mmoja? Hapa kwetu naweza kukuonyesha mzee mwenye ng'ombe thelathini, si maskini hata chembe, lakini siku jirani mwenye jamaa ofisini alipousogeza mpaka wa shamba lake, mzee alizungushwa miaka miwili akarudi na kofia mkononi. Huyo ni mnyonge. Maskini anakosa pesa. Mnyonge anakosa wa kumsikiliza. Remmy aliimba juu ya wote wawili na alijua tofauti yao. Mnunuzi wa London aliyeona jalada dukani alipewa mmoja tu, yule ambaye tayari alikuwa amezoea kumhurumia.

Na huyo mnyonge wa huku alisikia nini? Baba mdogo anasema hajawahi kuishika kwa mkono kaseti wala sahani halisi ya albamu hiyo. Miaka yote alisikia nyimbo zake mojamoja, redioni na kwenye nakala, bila kujua kwamba zilikaa pamoja kwenye kitu kimoja chenye jina linalomhusu. Jumamosi nilimpigia yote kwa simu yangu, mwanzo mpaka mwisho. Kwenye "Kipenda Roho" aliacha kazi. Mwishoni aliuliza kama simu inaweza kurekodi kwenda kwenye kanda.

Niseme kwa nini haya yananihangaisha. Nimemaliza kidato cha nne tu, na nina mswada wa riwaya, kurasa mia mbili na kumi, kwenye madaftari sita. Mhariri mmoja niliyempelekea alinirudishia sura tatu zikiwa zimesafishwa. Kila mhusika anasema kwa zamu yake. Kelele za soko zimeondolewa, bibi mwuza dagaa anayeingilia maongezi ya watu ameondolewa, na Kiswahili cha Wasukuma wangu kimenyooshwa kama shati la sare. Nilikasirika, nikaenda na hasira hiyo mpaka kwenye kikao, ndipo nikamrukia marehemu Remmy ambaye hana kosa.

Sasa nimezifungua tena zile sura tatu. Ukurasa wa kumi na nne amenifanyia vizuri, lazima nikubali: nilikuwa na watu wanne wanaozungumza, na mmoja wao, mdogo wa bwana harusi, hakuwahi kusikika kabla ya mhariri kupunguza wengine. Yeye ndiye besi yangu. Lakini bibi wa dagaa namrudisha. Nimemrudisha jana usiku, na nimeona kwamba akiingia pale anapoingia, bwana harusi anakosea jina la mkwe wake, na inabidi sura nzima niianze upya.