Sala Iliyogeuka Ushanga

Waingereza wa kale walipotamka neno lililokuja kuwa "bead", hawakuwa wakitaja kitu cha kuvaa shingoni. Walikuwa wakitaja sala. Wakati huo neno lilikuwa "gebed", ndugu wa damu wa "Gebet" ya Kijerumani ambayo hadi leo ni sala, na mzizi wao ni ule wa kuomba. Wakristo wa Ulaya walizoea kuhesabu sala zao kwa punje zilizotungwa kwenye uzi. Aliyewatazama wakisali aliona vidole vikisogeza punje, moja, nyingine, nyingine tena, na polepole jina la kitendo likahamia kwenye punje. Sala yenyewe ikatafutiwa jina jingine kutoka Kifaransa.

Kwetu safari hiyo si ngeni. Tasbihi ilikuwa kumtukuza Mungu kabla haijawa uzi wenye punje 33 au 99 anaouvuta mzee barazani akimalizia uradi wake. Kiarabu na Kiingereza, kila kimoja kwa wakati wake, vilikubaliana kwamba punje ni alama ya kazi iliyofanywa na mtu akiwa na nia moyoni. Nataka kuwasifu watunga ushanga wa Kajiado, na hapo ndipo ninapoanzia, kwa sababu mikononi mwao punje ingali kitendo.

Neno la Kiingereza halikutulia hata hivyo. Lilipoachana na sala likadaka kila kilicho kidogo na cha mviringo: tone la jasho, tone la umande, kidude cha kwenye ncha ya mtutu ambacho mwindaji hulengea shabaha. Ukishuka Kitengela kando ya barabara ya Namanga utalikuta likichapa kazi. Kwa fundi wa tairi ni ule ukingo mgumu wenye waya ndani, unaobana rimu upepo usitoke. Kwa mchomelea mageti ni mstari wa chuma kilichoyeyuka na kuganda kati ya vipande viwili, na fundi hodari hujulikana kwa usawa wa mstari huo. Kwa seremala ni bidingi, kijiti chembamba kinachoshika kioo kwenye fremu ya dirisha. Mji unaojengwa usiku na mchana unazihitaji zote tatu.

Ushanga wenyewe una umri mkubwa kuliko maneno yote hayo. Kwenye pango la Enkapune ya Muto, juu ya Ziwa Naivasha, wanaakiolojia walipata shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000. Za kioo zilifika baadaye sana, kwa majahazi, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Misafara ya karne ya 19 iliyoondoka pwani ilibeba vitambaa, waya na shanga, na mkuu wa msafara aliyechukua rangi isiyotakiwa aliweza kukosa chakula cha watu wake njiani. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika majina ya shanga moja baada ya jingine. Nyekundu iliyoitwa samesame ilikuwa na jina la utani lenye maana ya kwamba inabomoa miji, kwa jinsi wanawake walivyoihangaikia. Joseph Thomson naye, alipofika Taveta mwaka 1883 akijiandaa kuvuka nchi ya Wamaasai, alilazimika kuwakalisha watu wake watunge shanga upya katika urefu uliokubalika huko, la sivyo zingekataliwa.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Tumezoea kusimuliwa habari za shanga kama habari za kudanganywa: Mzungu aleta vipande vya kioo, Mwafrika atoa pembe za ndovu. Biashara ile ilikuwa na dhuluma nyingi, sikatai. Lakini katika suala la rangi na ukubwa, wanawake wa bara ndio walioamua, na tanuri za Venice na za Bohemia zikafuata. Mwanamke ambaye hakuwahi kuiona bahari aliweza kuikataa bidhaa ya Ulaya kwa kutikisa kichwa, na kiwandani wakabadilisha. Jicho hilo kali halikuzaliwa na wageni. Lilikuwepo likiwasubiri.

Nimeliona jicho hilo likifanya kazi. Karibu na Ilbissil nilikaa chini ya mgunga na bibi mmoja ambaye watoto wa boma walimwita koko, nami nikafuata. Alikuwa akitengeneza kidani bapa cha msichana, kile cha duara kinachokaa mabegani kama sahani. Shanga zilikuwa kwenye mfuniko wa sufuria mapajani, kila rangi na pembe yake. Alichovya ncha ya waya kwenye zile nyeupe, akaizungusha kidogo, ikapanda na shanga tano au sita. Akazitazama, akaivuta moja kwa kucha na kuitupa.

"Ina nini, koko?"

"Imenona."

Mimi sikuona unene wowote. Alipoona sijaelewa, akaweka nyingine mbili kwenye waya, akasogeza ile iliyotupwa katikati yake, na hapo nikaona kweli: ilitokeza kwa upana wa unywele. Safu moja ikiwa na shanga kadhaa za namna hiyo, inasukuma safu ya nje yake, nayo ile inasukuma nyingine, na kidani kizima kinapinda.

Hesabu yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kila safu inayoelekea nje ni ndefu kuliko iliyotangulia, kwa hiyo kipande cha rangi kinachoanza na shanga chache karibu na shingo lazima kipanuke sawasawa hadi ukingoni, na vipande vyote vya duara vipanuke kwa kipimo kimoja. Safu hushikwa pamoja na vipande vyembamba vilivyotobolewa matundu. Zamani vilikatwa kwenye ngozi. Koko alikuwa navyo vya plastiki, alivyokata kwenye dumu kuukuu. Matundu yakikaa karibu mno, shanga zinapandana. Yakiachana mno, waya unaonekana. Hakuwa na rula wala karatasi. Mara mbili nilimwona akifumua kazi ya nusu saa bila kusema neno, akaanza tena.

"Mjukuu wangu ana shingo ndefu," aliniambia baadaye, "lakini mabega yameanguka. Nikimtungia kama cha dada yake kitamlalia."

Kidani kile kilikuwa kinatungwa kwa mwili wa mtu mmoja, naye koko akaanza kunieleza mabega hayo yatakavyocheza. Wanawake wa Kimaasai wanapokusanyika kuimba na kumwomba Enkai, awape watoto, awape mvua, mabega hupanda na kushuka, na vidani huruka na kutua juu yake kwa mdundo uleule. Kilichozidi uzito upande mmoja hujitangaza mbele ya watu wote. Kwa hiyo usawa anaoutafuta chini ya mgunga ni usawa wa siku ya kuomba. Sijui kama yule Mwingereza wa kale angepata tabu kuelewa.

Rangi ndipo kazi hii inapoonewa zaidi. Madukani utapewa kikaratasi: nyekundu damu na ushujaa, nyeupe maziwa, buluu mbingu, kijani nyasi. Si uongo mtupu, kwani wenyewe husema hivyo pia, ila ni kama kumsifu mshairi kwa kujua irabu tano. Donna Klumpp, aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya sanaa ya Wamaasai mwaka 1987, alionyesha kwamba jambo kubwa ni mpangilio: rangi zipi zinakaa pamoja, ipi inakata uwanja wa nyingine, wapi doa dogo la rangi tofauti linawekwa ili eneo kubwa lisibaki wazi. Mpangilio hutofautiana kwa olosho na olosho, yaani tawi na tawi la Wamaasai, na hubadilika rika jipya la vijana linapoingia. Mwenye kujua hutazama mkono uliovaa bangili akasema huyu ni wa Kaputiei, huku Kitengela, na yule ni wa Matapato au Loodokilani, na akakisia bangili ilitungwa enzi za rika gani. Kikaratasi hakina nafasi ya elimu hiyo.

Kuna jambo jingine la Kajiado linalonisumbua nikifikiria ushanga. Kioo hupikwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Bila magadi mchanga unadai moto mkali mno kuyeyuka. Na magadi tunayo. Ziwa lenye jina hilo liko ndani ya kaunti hii, kampuni ya kuyavuna ilianza mwaka 1911, na reli inayoyabeba kutoka ziwani hupitia Kajiado mjini hadi Konza kabla ya mzigo kuelekea baharini. Wanunuzi wakubwa wa magadi duniani ni watengenezaji wa kioo. Shanga ndogo anazotunga koko, kwa upande mwingine, zinatoka Jamhuri ya Cheki na China. Kitengela kuna tanuri: Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alihamia ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanzisha karakana ya vioo, na mwanawe Anselm akaendeleza upulizaji wa kioo cha moto. Huko vioo vya madirisha na chupa zilizovunjika huyeyushwa na kugeuzwa bilauri, na shanga pia. Ni nzuri, nzito, zenye mapovu ndani. Ila ni kubwa mno kwa kidani cha mabegani. Natamani siku moja ichomwe hapa shanga ndogo ambayo koko ataichunguza kwa kucha yake asiitupe.

Mwaka 2017 serikali ilizindua mpango wa Ushanga katika kaunti 7 za wafugaji, Kajiado ikiwemo, ili wanawake wauze kwa pamoja na kupata soko. Soko wanalihitaji, na nauunga mkono. Ila nikisimama Namanga nikimsikiliza mtalii akipunguza bei ya kidani hadi iwe ya chakula cha mchana, naona bei inapangwa kana kwamba kinachouzwa ni gramu za kioo. Ningeomba jambo moja dogo kwa vyama vya ushirika na kwa maduka ya Nairobi: kila kidani kiandikwe jina la aliyekitunga, kama ameridhia, na olosho wake, na mwaka. Muuza picha wa Nairobi hutaja jina la mchoraji kabla hujamuuliza, na bei hupanda hapo hapo. Koko wa Ilbissil anaweza kutajwa hivyo hivyo kwa gharama ya kipande cha karatasi na uzi.