Namna Lamalera Wanavyomgawa Nyangumi

Picha ya Lamalera inayozunguka duniani ni moja: mwanamume kasimama kwenye ncha ya omo, chusa mkononi, kisha anajirusha mzimamzima juu ya mgongo wa nyangumi. Ni picha ya kweli na inavutia. Ubaya wake ni kwamba inamaliza hadithi pale ambapo kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza, yaani kumgawa mnyama wa tani nyingi kwa kijiji kizima bila ugomvi, kabla nyama haijaharibika kwa joto.

Lamalera iko kusini mwa kisiwa cha Lembata, mashariki mwa Indonesia. Nyumba zimepandana kwenye mteremko wa miamba ya volkano, na ardhi ya kulima yenye maana hakuna. Mbele yake ni Bahari ya Sawu, yenye kina kikubwa karibu kabisa na pwani. Humo ndimo anamopita koteklema, nyangumi mwenye meno na kichwa kama sanduku, ambaye huzamia sana kutafuta ngisi. Waraka wa Kireno wa mwaka 1624 tayari unawataja watu wa eneo hili wakiwinda nyangumi kwa chusa ili wapate mafuta.

Chombo chao huitwa tena. Kina urefu wa mita kumi hivi, kina mirengu pande zote mbili, na hakina hata msumari mmoja wa chuma. Mbao huunganishwa kwa vijiti vilivyopigiliwa ndani ya unene wa ubao. Ganda la nje hutangulia, mataruma hufuata. Upande wa ndani wa kila ubao fundi huacha vinundu vilivyochongwa katika ubao uleule, akavitoboa, na mataruma yakafungwa hapo kwa kamba. Msomaji wa Lamu ataukumbuka mtepe, ulioshonwa kwa kamba na kubeba tanga la mkeka; tanga la tena nalo husukwa kwa majani ya mnyaa wa huko. Faida ya kufunga badala ya kugongomea huonekana siku nyangumi anapoupiga ubavu wa chombo kwa mkia: mbao hucheza kidogo, na kilicholegea hukazwa upya ufukweni. Fundi haruhusiwi kubuni. Kila ubao una mahali pake palipowekwa na mababu, na hata upande wa shina na upande wa ncha ya mti huzingatiwa.

Msimu mkuu huanza Mei. Wanakijiji ni Wakatoliki, na tarehe 1 Mei padri husoma misa ufukweni, mbele ya vibanda vya vyombo, baada ya jioni ya kuwaombea waliopotelea baharini. Nyangumi akionekana, sauti ya “Baleo!” hupita nyumba kwa nyumba. Chombo kikikaribia windo, tanga na mlingoti hushushwa na makafi hushika kazi. Mchomaji, lamafa, hapati nguvu ya kutosha kwa mkono peke yake. Huruka pamoja na mti wa mwanzi, uzito wa mwili ukakizamisha chuma, kisha huogelea kurudi chomboni huku kamba ikikimbia kwa kasi hata humwagiwa maji isiungue. Kuanzia hapo nyangumi hukikokota chombo mpaka achoke, au mpaka watu wakate kamba. Nyangumi wasio na meno, akiwemo nyangumi wa buluu, hawaguswi. Ni mwiko wa mababu.

Tena moja hubeba wanaume kumi na zaidi, na haimilikiwi na mtu mmoja bali na wanaukoo walioungana kama kampuni. Nyangumi akifika ufukweni, visu hufuata mistari inayojulikana na kila mtu. Kuna sehemu ya mabaharia waliotoka siku hiyo na sehemu ya wenye hisa katika chombo, hata waliobaki nyumbani. Fundi aliyejenga, mhunzi aliyefua chusa na mshonaji wa tanga nao wana vipande vyao, na koo za wenyeji wa asili, waliokuwepo kabla ya wavuvi kuhamia, hupewa haki yao kwenye kichwa. Baada ya hapo kila mwenye fungu huwapunguzia ndugu, jirani na wajane. Nani atapata nini kilishaamuliwa zamani, hivyo ufukweni watu hukata, hawajadili.

Wanaanthropolojia Michael Alvard na David Nolin walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa uwindaji huu, wakaonyesha kwamba kanuni za mgawo ndizo zinazowafanya wanaume wengi kiasi hicho wakubali kutoka pamoja. Alvard alikuwa pia katika kundi la watafiti walioupeleka mchezo mmoja katika jamii ndogo kumi na tano: mtu anapewa mali agawane na mwenzake asiyemjua, na mwenzake akikataa fungu lake, wote wanakosa. Lamalera walicheza kwa paketi za sigara badala ya fedha. Kwa wastani walitoa zaidi ya nusu, kiwango cha juu kuliko wote. Waorma wa Kenya walitoa pungufu kidogo ya nusu, na Wahadzabe wa Tanzania pungufu zaidi. Tusikimbilie kusema watu fulani ni wakarimu na wengine wachoyo. Mtu ambaye chakula chake hutegemea chombo cha watu kumi na zaidi amezoea kugawa kwa namna hiyo tangu utotoni.

Nyama hukatwa vipande virefu na kuanikwa kwenye fito mbele ya nyumba, mafuta yakichuruzika chini. Sasa ni zamu ya wanawake. Huibeba kichwani hadi vijiji vya milimani na kwenye gulio la Wulandoni, ambako mali hubadilishwa kwa mali: nyama iliyokauka, chumvi na chokaa kwa mahindi, ndizi na mihogo. Bila vikapu hivyo kijiji kingekuwa na nyama tele na njaa papo hapo.

Mwaka 1973 shirika la FAO lilileta chombo cha kisasa chenye mzinga na mtaalamu wa Kinorwe. Mradi ukafa baada ya miaka michache, tena zikabaki. Bahari ya Sawu ilipotangazwa hifadhi mwaka 2009, wanakijiji walipinga na maji yao yakaachwa nje ya mpaka.

Mgeni aliyefanikiwa kuingia ni injini. Siku hizi boti za mashine huikokota tena hadi karibu na windo, na nyavu zimeongezwa. Hapo ndipo penye wasiwasi wa kweli, maana petroli hainunuliwi kwa ndizi za milimani. Inataka rupia, na mwenye rupia ni mtu mmoja, si ukoo. Mgawo wa mababu una kipande cha mhunzi na cha mshonaji wa tanga, ila haukuacha kipande cha mwenye injini. Serikali na watetezi wa nyangumi wanaobishana kuhusu chusa wangefanya vyema kulitazama pengo hilo kwanza.